Kitabu cha Asili kwa Mtoto Aliyeasiliwa Ng'ambo: Namna ya Kukichagua na Kukitengeneza Kabla Hajapanda Ndege

Neno kuasili limebeba neno asili ndani yake, lakini mara nyingi, mahakama ikishatoa amri na mtoto akishapandishwa ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, asili hiyo hubaki nyuma katika faili jembamba ndani ya kabati la makao ya watoto. Humo mna barua ya serikali ya mtaa, taarifa ya polisi, kadi ya kliniki na labda picha mbili za pasipoti. Mtoto hufika Uholanzi au Marekani akiwa na begi la nguo mpya, na siku anapoanza kuuliza alikotoka, wanaomlea hawana cha kumwonyesha isipokuwa ramani.

Mwongozo huu nimewaandikia walezi wa makao, maafisa ustawi wa jamii, wazazi wa kuasili wanaosoma Kiswahili, na ndugu zetu walioko ng'ambo waliochukua mtoto kutoka nyumbani. Unahusu vitabu vya aina mbili: vile vinavyonunuliwa dukani, na kile ambacho hakiuzwi popote kwa sababu kinamhusu mtoto mmoja tu. Nitakaa zaidi kwenye hicho cha pili. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasomea watoto hadithi siku za Jumamosi katika makao fulani hapa Moshi, na wale wanaoondoka nimekuwa nikiwatengenezea vitabu vyao. Mengi nitakayoyaeleza nimejifunza kwa kukosea.

Nianze na beseni. Miaka michache iliyopita binti wa miaka 11 alirudi kututembelea pamoja na wazazi wake. Asubuhi hiyo mlima ulikuwa wazi kabisa, na wageni wote walikuwa wamesimama uani wakiupiga picha. Yeye alipita katikati yao, akazunguka nyuma ya jiko mpaka kwenye bomba, akalifungua, akalifunga, kisha akauliza beseni la bluu lenye ufa limekwenda wapi. Katika kitabu alichoondoka nacho akiwa na miaka 4 kulikuwa na picha ya Kilimanjaro iliyojaa ukurasa mzima, na katika ukurasa uliofuata kulikuwa na picha ndogo ya bomba hilo na beseni alilokuwa akiogeshewa. Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, anakiona kwenye kalenda na kwenye pakiti za kahawa huko aliko, kama anavyokiona mtu mwingine yeyote. Beseni lilikuwa lake. Tangu siku hiyo, ninapopanga kitabu, picha za vitu vidogo ndizo ninazozitafuta kwanza.

Kwa nini kazi hii ifanyike huku

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kuwa na jina, kuwa na uraia, na kuwajua wazazi waliomzaa pamoja na ndugu wa ukoo wake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao unataka utambulisho wa mtoto ulindwe, na anapowekwa katika malezi mengine, izingatiwe dini, utamaduni na lugha aliyokulia. Sheria yetu inamtaka pia mgeni anayeomba kuasili awe ameishi nchini angalau miaka mitatu mfululizo. Maana yake ni kwamba mzazi huyo ameshapanda vifodi, yale mabasi madogo ya abiria, ameshanunua ndizi sokoni, na ameshajua tofauti ya mvua za masika na za vuli. Kwa kweli sioni udhuru wa mtu wa namna hiyo kuondoka bila picha hata moja ya mtaa alikokutwa mwanawe.

Kinachopotea hupotea huku. Mlezi aliyekuwa zamu siku ile huhama, askari hupangiwa kituo kingine, jirani aliyesikia kilio hufariki, na daftari la mapokezi huliwa na mchwa. Mtoto mwenyewe, kama ni mdogo, husahau Kiswahili ndani ya miezi asipokisikia. Kwa hiyo anza kukusanya siku mtoto anapopokelewa, bila kusubiri kujua kama ataasiliwa, na nani, au atakwenda wapi. Akirudishwa kwa ndugu zake, kama inavyopaswa kuwa pale inapowezekana, kitabu kitamfaa hukohuko.

Hadithi njoo, uongo njoo

Sote tulilelewa na kiitikio hicho: msimulizi anasema "Hadithi! Hadithi!", nasi tunaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo unaalikwa mlangoni, tena kwa heshima, kwa sababu kila aliyeketi pale anajua kwamba sungura hasemi. Kitabu cha asili ya mtoto hakianzi kwa kiitikio hicho, na hapa ndipo wengi wetu, kwa huruma, tunapoteleza.

Mimi niliteleza katika kitabu cha pili kabisa nilichotengeneza. Mtoto alikuwa ameachwa kwenye benchi la zahanati, na kuhusu mama yake hatukujua lolote. Niliandika kwa kalamu nene ya rangi: "Mama yako alikupenda sana, lakini alikuwa maskini, akataka upate maisha mazuri." Nilijiona nimeandika vizuri. Mtoto huyo alipofika miaka 12 aliomba kuongea nami kwa simu, na baada ya salamu akauliza swali moja: "Mlijuaje?" Sikuwa na jibu. Baadaye mama yake wa kuasili aliniambia kwamba binti alikuwa ameanza kukitilia shaka kitabu kizima, hata zile kurasa ambazo kila neno lake lilikuwa kweli.

Jambo hili ni kubwa kuliko kitabu changu. Korea Kusini, baada ya vita vya 1950 hadi 1953, ilipeleka nje watoto wanaokadiriwa kufikia karibu 200,000 kwa miongo kadhaa. Wengi wao walipokua na kurudi kuwatafuta wazazi, waligundua kwamba waliandikwa yatima ilhali wazazi wao walijulikana, na mwezi Machi 2025 tume ya ukweli ya nchi hiyo ilithibitisha kwamba kumbukumbu za baadhi yao zilighushiwa. Mtu mzima wa miaka 50 anayeshika karatasi ya uongo yenye mhuri hana tena pa kuanzia.

Kwa hiyo andika katika mafungu matatu, na uyatenganishe waziwazi: tunachokijua, alichotuambia mtu fulani, na tusichokijua. Hiki hapa ni mfano wa ukurasa wa mtoto wa miaka 4, kama ninavyouandika sasa:

"Ulizaliwa Tanzania. Ulifika kwetu siku ya Jumanne, na mvua ilikuwa inanyesha. Ulikuwa umefungwa kanga ya njano. Askari wa kike aliyekuleta alikupa jina la dada yake, kwa sababu hatukujua kama ulikuwa na jina lingine. Mama aliyekuzaa hatumjui jina. Ulilia mpaka ukapewa maziwa, kisha ukalala."

Hakuna sentensi hapo ambayo mtoto akiwa na miaka 20 atarudi kuikana. Sentensi ya mama iko pale, fupi, na pengo linaonekana. Mtoto akitaka kulizungumzia, ana mahali pa kuweka kidole.

Kanga na vitu vingine alivyokuja navyo

Kama mtoto amefika akiwa amefungwa kanga, usiifue kabla ya kuipiga picha. Itandaze juu ya meza penye mwanga, piga picha nzima, kisha piga picha ya maandishi peke yake, yasomeke. Kanga husema, na kwa mtoto aliyeachwa bila barua, maandishi yale huenda yakawa ndiyo maneno pekee yaliyosafiri naye. Hata hivyo jihadhari: usiandike kwamba mama alimwachia mtoto ujumbe huo. Kanga huazimwa, hurithiwa, hununuliwa kwa rangi yake tu. Andika maandishi yalivyo, eleza kwamba wanawake wa huku wakati mwingine huichagua kanga kwa maneno yake na wakati mwingine hawayajali, kisha umwachie mwenyewe.

Kuna jambo moja la kanga ambalo mtoto wa ng'ambo hatalijua asipoelezwa, nalo ni kwamba huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Nilipomweleza hivyo kijana mmoja mwenye kipande kimoja, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kipande cha pili kiko wapi. Hilo halimo kitabuni mwake, na sikuliongeza. Ni swali lake, na ataliandika mwenyewe katika kurasa tupu zilizoachwa mwishoni.

Kanga yenyewe asafiri nayo kama ipo. Makao mengi huichanganya na nguo nyingine na baada ya mwaka haijulikani tena ni ya nani, kwa hiyo iwekwe kwenye bahasha ya kaki yenye namba ya faili. Vivyo hivyo kwa shanga, hirizi, kofia ya kusokotwa, au karatasi yoyote. Hirizi isitupwe kwa sababu ya imani yako wewe.

Usimpachike kabila

Mtoto aliyekutwa Moshi si lazima awe Mchagga. Mjini hapa kuna watu kutoka Upareni, Singida, Kondoa, Tanga na kwingineko, na Arusha ndiyo zaidi, kwa kuwa kila mwenye kutafuta riziki ya utalii, madini au biashara hupita huko. Nimeona kitabu kilichompa mtoto ukoo wa watu wa Machame kwa sababu tu mlezi aliyemwandikia alitoka huko. Andika mahali, usiandike damu: "Ulikutwa mtaa wa Majengo, na watu wa Majengo ni wa makabila mengi." Kama ndugu wa mama wanajulikana, basi hapo andika kwa upana: ni watu wa wapi, kihamba, yaani shamba la ukoo, kiko upande gani wa mlima, wanasema Kivunjo, Kirombo au Kimachame, maana lugha hizo hazifanani kiasi ambacho mgeni hudhani. Kwa mtoto wa upande wa Meru, taja kwamba Wameru na Waarusha wanaishi jirani lakini lugha zao ni mbali kabisa.

Mahali paandikwe kwa hisi. Harufu ya mtori asubuhi, sauti ya adhana na kengele ya kanisa zikipishana, vumbi jekundu la kiangazi, ukungu wa mwezi wa saba unaofanya watoto wavae masweta mpaka saa nne. Tia na hadithi moja ya mahali hapo, ikitambulishwa wazi kuwa ni hadithi. Ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro, inafaa sana: wazee husimulia kwamba Mawenzi alikuwa mvivu, kila mara moto wake ukizimika anakwenda kuomba kwa Kibo, mpaka siku moja Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, na ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka hivyo mpaka leo. Masimulizi hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji. Chukua yale anayoyajua mlezi wake, kwa maneno ya mlezi mwenyewe.

Maneno ya kutumia

Epuka "aliokotwa" na "alitupwa", hata kama taarifa ya polisi imeandika hivyo. Kitu huokotwa, mtoto alikutwa, au aliachwa mahali ambapo angeonekana. Usimwite yatima mtoto ambaye mzazi wake yuko hai au hajulikani aliko. Kwa mama, "mama aliyekuzaa" ni lugha ya kawaida na haimnyang'anyi mama wa kuasili chochote. Na tafadhali usimwandikie kwamba ana bahati. Watu wazima wengi walioasiliwa nje husema kwamba neno hilo liliwaziba midomo, kwa sababu mwenye bahati haruhusiwi kulia.

Vitabu vya dukani

Kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi vitabu vya picha kuhusu kuasiliwa viko vingi, na mzazi hushawishika kununua cha kwanza chenye jalada zuri. Fungua ukurasa wa kwanza na uangalie hadithi inaanzia wapi. Vingi huanzia sebuleni, kwa watu wawili wanaotamani mtoto. Simu inalia, ndege inaruka, na mtoto anatokea ukurasa wa 10 kama zawadi. Katika kitabu cha namna hiyo mtoto hana jana. Tafuta kinachoanza naye akiwa mahali alipokuwa, chenye mtu aliyembeba kabla, na kinachomruhusu kukasirika au kukumbuka bila kuharakishwa kufurahi.

Angalia pia hadithi za kuazima. Masimulizi ya Kichina ya uzi mwekundu, ambayo kwa asili yake yanahusu watu waliopangiwa kuoana, yamegeuzwa katika nchi za Magharibi kuwa hadithi ya mzazi na mtoto wa kuasili, kana kwamba mbingu ndiyo iliyopanga mtoto atengane na mama yake. Kwa watoto wa kwetu hatari ni nyingine: mgunga, jua linalozama, twiga, na kila mtu amevaa shuka nyekundu. Mtoto wa mtaa wa Kwa Mrombo, Arusha, aliyezoea bodaboda na foleni ya maji hatajiona humo.

Ushauri wangu, ambao huenda ukawashangaza baadhi, ni kwamba vitabu bora vya kumfungashia havizungumzii kuasiliwa hata kidogo. Ni vitabu vya kawaida vya watoto vilivyochapishwa Tanzania, ambamo mtoto anatumwa dukani, anachunga mbuzi, anagombana na dada yake, anakula ugali, na hakuna anayemshangaa. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 umetoa vingi vya namna hiyo. Wachapishaji wa Mkuki na Nyota nao wanavyo. Na kwenye intaneti mradi wa African Storybook hutoa hadithi bure, za Kiswahili zikiwemo, ambazo unaruhusiwa kuzichapa. Kabla ya kununua, nenda maktaba ya mkoa, Moshi au Arusha, ukae na mtoto mezani uone ni kipi anachokirudia. Vitano au sita vinatosha kwenye begi.

Kukitengeneza

Kaunta buku ni imara na bei yake ni nafuu, lakini kurasa zake haziongezeki. Mimi hutumia faili la pete lenye mifuko ya plastiki inayoonyesha, karatasi za manila, na gundi ya kijiti, kwa kuwa gundi ya maji hukunja picha. Picha zichapwe studio. Zile za printa ya wino hupauka haraka. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli tarehe, mahali na waliopo. Barua na kadi halisi zisipigwe laminesheni, maana plastiki ile ikishashika haibanduki tena bila kuharibu karatasi. Weka nakala kitabuni, na karatasi halisi kwenye bahasha.

Andika Kiswahili juu na lugha ya wazazi chini. Wazazi wakiomba Kiswahili kiondolewe ili kupunguza kurasa, kataa kwa upole. Ukurasa mmoja uwe wa maneno ya kurudi nayo: shikamoo, marahaba, naomba maji, nimeshiba, jina langu ni. Yule binti wa beseni alitoa shikamoo kwa mpishi kabla hajaambiwa na mtu, na mpishi akalazimika kuweka mwiko chini.

Nyuso za watoto wengine zisiwemo bila ridhaa ya wanaowajibika nao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si mapambo. Habari za ugonjwa, za ubakaji, au za kesi yoyote zisiwe kwenye kitabu ambacho mtoto atawaonyesha wenzake shuleni. Ziandikwe kwa ukamilifu kwenye bahasha ya wazazi, nao wamweleze kadiri anavyokua.

Kukisoma

Kisiwe kitabu cha usiku kila siku. Kinaweza kumkosesha mtoto usingizi. Kiwekwe mahali anapofikia mwenyewe, na afungue kurasa kwa mkono wake. Mtoto wa miaka 5 atataka picha ya mbuzi mara 20 na kumruka mama aliyemzaa, mwache. Wa miaka 8 atauliza kwa nini, na jibu la "hatujui, na wewe unafikirije?" litamfaa kuliko maelezo marefu. Wa miaka 13 huenda akakificha chini ya kitanda mwaka mzima. Usikitoe huko.

Mwisho, tengeneza nakala mbili. Ya kwanza isafiri kwenye begi la mkononi, kwa sababu mabegi ya chini hupotea. Ya pili ibaki kabatini kwenye makao, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na namba ya faili iandikwe kwa penseli ndani ya jalada, pamoja na jina la mlezi aliyeitengeneza na wa pili atakayejua ilipo iwapo huyo wa kwanza atakuwa ameshahama.